Mbegu Inayoitikia Mvua

"Mzee Luambano, kule nyumbani kwako nani anaitwa bibi kizee mchoyo?"

Dokta Tulinagwe aliuliza kwa upole, bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta wa chumba chake, ambao ulikuwa umegeuka picha: mstari mrefu wenye vilima na mabonde, na kila kilima kimepakwa rangi nyekundu. Mstari ule ulikuwa maneno ya nyumbani kwangu ya mwezi mzima.

"Osmunda," nilijibu.

"Na nani alimwambia kwamba atamshtaki kwenye baraza la ukoo kwa kumnyima uji?"

"Mimi."

"Na hili hapa? 'Mama gani wewe, unazaa halafu unatelekeza, mimi nahamia kwa jirani.' Nalo ni lako?"

"Ni langu, Dokta. Alikuwa amekalia kiti changu."

Mama Gaudensia, mlezi wa Nyumba ya Makuzi ambako watoto wadogo hushinda mchana, alikuwa amesimama mlangoni amemshika mjukuu wangu mkono. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akajifuta macho kwa pindo la kitenge chake.

Osmunda hakucheka. Alikuwa anakaribia miaka minne, na hakuwa amesema neno tangu maporomoko ya udongo yamchukue mama yake, binti yangu Daria, kwenye barabara ya mlimani. Baba yake hatukuwahi kumjua. Kwa hiyo tulibaki wawili, mimi na yeye, mjini Songea, katika nyumba niliyoijenga nikiwa bado mtumishi wa kituo cha mbegu.

Nilimweleza daktari. Mtoto huyu nilimpa jina la marehemu mama yangu mzazi. Kwetu mtoto akirithi jina, anarithi na cheo. Kwa hiyo Osmunda ni mama yangu, na mimi ni mwanawe. Na mtoto, hata akiwa na mvi na meno ya bandia, ana haki ya kumlalamikia mama yake. Babu yangu alinifanyia hivyo hivyo, maana nilirithi jina la baba yake. Alinidai nyama kila nilipomtembelea, akiniita mchoyo mbele ya wageni, nami nikavimba kifua kwa furaha.

"Najua, Mzee," alisema Dokta Tulinagwe. "Hata mimi nina jina la bibi yangu. Babu alinidai maziwa mpaka naenda chuo kikuu. Mimi nimekuelewa vizuri. Tatizo ni kwamba Sikio halina babu."

Sikio ni kile kifungo kidogo kilichoshonwa kwenye kola ya kila mtoto wa Makuzi. Linasikia maneno yanayosemwa karibu na mtoto, na papo hapo linapima mwili wake: mapigo ya moyo, jasho la ngozi, pumzi. Maneno ya nyumbani ndiyo yanayochora mstari wa juu. Sikio lilifundishwa kwa sauti zilizokusanywa katika miji mikubwa, kwenye nyumba ambazo hakuna mtu anayemwita mtoto mdogo bibi kizee. Neno "mchoyo" kwake lilikuwa kofi, na kila kofi hulipaka nyekundu.

"Maneno nitayarekebisha kwa mkono," daktari aliendelea. "Ila mapendekezo yameshatoka. Mizani imependekeza Kinga."

Mama Gaudensia aliacha kucheka. Alimwinamia Osmunda akamwambia, "Njoo tukaangalie sungura," wakatoka.

Mizani ni mtambo wa mkoa unaosoma habari za watoto wote wa Makuzi. Kila mtoto anapozaliwa hutolewa tone la damu kisiginoni, na jeni zake husomwa. Watoto wengi hutoka wagumu, na wachache hutoka wapokezi. Osmunda ni mpokezi, na ni wa daraja la juu.

"Watu wanadhani jeni zinatuambia mtoto atakuwa nani," alisema daktari. "Hazituambii. Kwa mtoto kama huyu zinatuambia kitu kimoja tu, kwamba yanayomzunguka yatamwingia sana. Mtoto mgumu ukimpeleka Makuzi au usimpeleke, mwisho wake haupishani sana. Mpokezi asipopata malezi, anaanguka chini kuliko wote. Akiyapata, anapanda juu kuliko wote. Jeni zile zile, Mzee."

Nilitikisa kichwa kukubali, kwa maana jambo hili nililifahamu kwa mikono yangu. Pale kituoni tulikuwa na mahindi mafupi yaliyoitwa Namba Saba. Ukiyapa mbolea na maji, mashina yanashindwa kubeba magunzi. Ukiyanyima, yanakujibu kwa majani makavu yaliyojiviringa. Jirani yake tulipanda mbegu ya kienyeji tuliyoiita Mkaidi. Mkaidi haikujali. Mwaka wa mvua madebe kadhaa, mwaka wa jua madebe yale yale.

"Ndivyo hasa," alisema Dokta Tulinagwe, na uso wake ukang'aa. "Sasa Kinga inaigeuza Namba Saba kuwa Mkaidi."

Alinionyesha kichupa chenye ukubwa wa kidole gumba. Dawa inapulizwa puani mara moja tu katika maisha. Inapanda hadi kwenye ubongo na kuzifunga zile jeni za upokezi. Baada ya hapo mtoto hatikiswi ovyo. Akifiwa, atalia kama wengine na kunyamaza kama wengine. Lakini ni lazima itolewe kabla ya miaka minne, na mlango ukishafungwa haufunguki.

"Na mazuri je?" niliuliza. "Nyimbo, hadithi, kazi yote hii ya Mama Gaudensia?"

"Yatamfikia. Ila yatapita juu juu."

"Kwa nini Mizani imemchagua yeye?"

"Ni mpokezi, amefiwa, haongei, nyumba yake ni nyekundu." Alisita kidogo. "Na mlezi wake ana umri mkubwa."

"Sema mzee, Dokta. Sitavunjika."

"Na mlezi wake ni mzee," alisema, akatabasamu. "Uamuzi ni wako. Mizani inapendekeza tu."

"Wewe ungefanya nini?"

"Mwanangu ni mgumu. Sijawahi kuulizwa swali hilo, na ninashukuru."

Nilimheshimu kwa jibu lile. Nikamwambia anipe wiki moja, na anipe pia mwongozo wa Makuzi wa lugha njema kwa mtoto mpokezi.

"Sikukuambia uache utani, Mzee Luambano."

"Nimesikia. Lakini kama nyumba yangu ni nyekundu, nitaifanya kijani. Nilianza kusoma nikiwa na ndevu, katika darasa la jioni, na sikuwahi kushindwa mtihani."

*

Asubuhi iliyofuata gari la Makuzi lilipofika, lile lisilo na dereva, lilipunguza mwendo mbele ya ua wetu likasema kama kawaida, "Shikamoo, Mzee Luambano."

"Marahaba," nilijibu. Nilifikiri moyoni kwamba walilifundisha shikamoo, ila hawakulifundisha utani.

Osmunda alikuwa ndani, amekalia kiti changu. Siku zote nikimkuta hapo namwambia kwamba ameninyang'anya urithi, naye anang'ang'ania mikono ya kiti, macho yanametameta, mpaka nimnyanyue pamoja na kiti chenyewe. Siku ile nilichuchumaa mbele yake kama mwongozo unavyoelekeza, macho yangu sawa na yake.

"Osmunda mpenzi," nilisema, "ninaona umekaa kwenye kiti. Kiti hicho kinakufurahisha?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akateremka mwenyewe, taratibu, akaenda kusimama ukutani kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Nilijipa moyo. Nilimsifu kwa kuvaa viatu. Nilimsifu kwa kunawa. Niliyataja mambo yote aliyokuwa akiyafanya, moja moja, kwa sauti laini niliyoifanyia mazoezi bafuni. Jioni taa ya Sikio kwenye kola yake ilikuwa kijani, nami nikajiona nimefaulu.

Kwenye uji ndiko kulikoniangusha. Tangu alipokuja kukaa nami tulikuwa na utaratibu wetu, ambao sikuwahi kuufikiria kuwa ni utaratibu. Mimi nalalamika kwamba nina njaa na mama yangu amejipakulia peke yake. Yeye anasukuma kikombe chake mpaka mbele yangu. Mimi najifanya nakunywa, nasema hakina sukari, namrudishia. Ndipo naye anakunywa. Nalalamika tena, anasukuma tena. Hivyo kikombe kinakwisha.

Sasa sikulalamika. Nilimwambia, "Uji wako upo tayari, mpenzi, unaweza kunywa unapopenda." Osmunda alikishika kikombe kwa mikono miwili, akaniangalia mdomo. Alingoja. Uji ukaota utando juu, ukapoa, na yeye bado anangoja.

Katikati ya wiki Mama Gaudensia alikuja mwenyewe na gari. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na hana tabia ya kuzunguka.

"Babu, mtoto umemfanya nini?"

"Nimemfanya nini? Tazama taa. Kijani tupu."

"Nimeiona taa. Na mtoto je, umemwona? Leo kwenye ngoma amekaa pembeni. Wiki iliyopita alikuwa anampigia mwenzake Xaveri makofi. Chakula hataki. Sungura hamtaki."

"Nazungumza naye vizuri kuliko nilivyowahi kuzungumza na mtu yeyote."

"Ndiyo, nimekusikia pale getini," alisema. "Hata mimi ulinitisha."

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti changu, ambacho sasa hakuna aliyekigombania, nikafikiri kwa makini. Niliona hivi: nyumba imekuwa nyekundu, mtoto hakusema. Nyumba imekuwa kijani, mtoto amezidi kuzama. Basi tatizo halikuwa maneno yangu, mazuri wala mabaya. Tatizo ni kwamba mlango wake uko wazi mno na kila upepo unaingia. Na mimi, kifua changu kinapiga filimbi nikipanda ngazi. Nikiondoka, upepo utakaoingia siku hiyo utambomoa kabisa.

Niliikumbuka Mkaidi. Ule mwaka mvua zilipokatika mwezi wa pili, shamba la Namba Saba lilisimama limekauka kama uwanja wa fagio. Kwa mama yangu, yule Osmunda wa kwanza, tulikula Mkaidi. Ilikuwa ngumu kwenye meno na haikuwa na utamu wowote, lakini tulikula, na mimi nipo hapa kwa sababu yake. Mbegu ile siidharau hata leo, naishukuru. Mtu asiyekuwa na hakika na mvua hapandi Namba Saba.

Nikaamua mtoto apewe Kinga.

*

Siku ya kwenda kliniki nilivaa koti langu la mikutano. Nilibeba mfuko wa karanga mbichi za shambani kwa ajili ya Mama Gaudensia, kwa kuwa nilitaka kumshukuru kabla ya dawa, si baada. Niliona kwamba kazi yake ilikuwa inakaribia kupoteza maana, naye ni haki asikie shukrani wakati bado ina maana.

Tulikaa wanne kwenye chumba cha daktari. Osmunda alikuwa kwenye paja la mlezi wake, na kikombe cha uji wa kliniki mkononi, ambao kama kawaida ya wiki ile hakuugusa. Kichupa kilikuwa mezani. Ukutani mistari ilikuwa inatembea.

"Dokta," nilisema, "kabla hujaanza nina maneno."

Nilisimama.

"Mama Gaudensia, mtoto huyu aliletwa kwako akiwa hafumbi macho kwa usingizi. Wewe ulimfundisha kulala, ukiwa umeweka mkono wako mgongoni mwake mpaka ganzi ikakushika. Hukuwa na deni lolote kwetu. Mimi nimefanya kazi na wataalamu wengi na nimekula nao meza moja, lakini sijaona mtu aliyefanya kazi yake kama wewe. Ninakushukuru kwa niaba ya Daria, mama yake, na kwa niaba ya..."

Nilitaka kusema kwa niaba ya mjukuu wangu. Neno likagoma. Macho yakajaa, nikabaki nimesimama na mfuko wa karanga kama mtu aliyesahau nyumba aliyotumwa. Nilikaa chini nikajifunika uso. Mtu wa umri wangu halii mbele ya watu, na mimi nililia.

Nilihisi kitu kinagusa goti langu, kisha tena, kwa nguvu zaidi. Nilipotoa mikono usoni nilimwona Osmunda amesimama mbele yangu, ameshateremka kwenye paja la mlezi. Alikuwa anasukuma kikombe kwenye goti, uji unamwagikia suruali yangu ya mikutano.

"Kunywa," alisema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa ghala uliofungwa muda mrefu.

Alinitazama mdomo, akaona sijatii, akakunja uso kwa hasira ya kweli.

"Kunywa, mwanangu."

Mama Gaudensia alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Mimi nilishika kikombe. Nilijua kinachotakiwa, na mwongozo wote niliousoma ukaniruka kichwani.

"Sasa hivi ndiyo unanikumbuka?" nilimwambia, huku kamasi zinanitoka. "Wiki nzima nalala na njaa! Bibi kizee mchoyo wewe! Na uji wenyewe hauna sukari!"

Ukuta ulilipuka nyekundu mpaka darini. Osmunda alipokea kikombe chake, akanywa funda kubwa, akanirudishia.

"Mzee," alisema Dokta Tulinagwe polepole, "hebu endelea kumtukana."

Alikuwa amesimama ukutani, kidole chake kiko chini kabisa, kwenye mstari mwingine mwembamba ambao sikuwahi kuuzingatia. Ule ulikuwa mstari wa mwili wa mtoto. Juu palikuwa na moto, na chini ya moto ule mapigo ya moyo wa Osmunda yalikuwa yametulia kama maji ya kisima. Daktari alirudisha nyuma siku. Siku za kijani, mstari wa chini ulikuwa unarukaruka kama panzi. Mwezi mzima wa nyekundu, ulikuwa umelala.

"Sote tulikuwa tunasoma mstari wa juu," alisema. "Mizani, wewe, na mimi niliyeitwa mke wa babu yangu nikiwa na meno ya maziwa. Kila anaposukuma kikombe anakuwa ameitwa na ameitika. Ndiyo malezi yenyewe hayo. Makuzi inajitahidi kufanya jambo hilo hilo kwa ngoma na sungura."

Nilitaka kuinuka niondoke na mtoto wangu, mambo yameisha. Alinizuia kwa mkono.

"Subiri, Mzee Luambano. Hili halijaondoa swali. Bado ni mpokezi. Kwa hali ilivyo leo atapanda, nina imani. Lakini siku wewe ukianguka, naye ataanguka, tena zaidi ya mtoto mwingine. Kichupa kiko hapa, na mwezi ujao hakitamfaa tena. Sitaki uchague kwa sababu ya furaha ya dakika hii."

Alisema kweli, na kweli ile ilinikalisha tena. Nilimtazama Mama Gaudensia.

"Mlezi, hii nyumba yenu itakuwepo siku zote?"

"Hilo siwezi kukuahidi," alijibu. "Serikali huwa inafungua na serikali huwa inafunga. Mimi mwenyewe wanaweza kunihamishia Tunduru kesho." Kisha akashika kiuno. "Dokta, huyu mtoto ni mama yake huyu mzee, siyo?"

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Basi kaka yangu ndiye aliyemwoa! Naona huyu Osmunda ni wifi yangu." Akanigeukia, na sauti ya kwaya ikajaa chumba. "Na wewe kumbe ni mtoto wa wifi yangu! Ndiyo maana mvivu hivyo! Unalia lia mbele ya watu, suruali imelowa uji, hujui hata kumsaidia mama yako kuosha vyombo! Lete hizo karanga hapa kwa shangazi yako!"

Ukuta ukawaka upya. Osmunda alimtazama shangazi yangu mpya, kisha akanitazama mimi, na kona ya mdomo wake ikapanda.

Mtu wa mahali pengine angeweza kuona ni mzaha. Kwetu mtu hajitangazi shangazi kwa mzaha, akapokea na karanga mbele ya shahidi, halafu akasahau. Ataitwa kwenye ugonjwa, ataitwa kwenye harusi, na siku nikilala nisiamke ataulizwa yeye kwanza mtoto yuko wapi. Mlezi anaweza kuhamishwa. Shangazi haachishwi kazi.

Nilimpa karanga kwa mikono miwili.

"Dokta," nilisema, "rudisha kichupa chako kwenye baridi. Mvua imepata mtu wa pili wa kuiita."

Alikirudisha. Sikumwona akiwa na uhakika wote, wala mimi sikuwa nao. Naamini hakuna mtu aliyewahi kupanda Namba Saba akiwa na uhakika wote. Alitusindikiza mpaka getini, na kabla ya kuachana alimwinamia Osmunda akamwomba radhi kwa kumsumbua mwanawe.

Baada ya hapo Osmunda hakusema tena. Siku zilipita akila vizuri, akipiga makofi kwenye ngoma, akinigombania kiti, lakini bila neno, nami sikumlazimisha. Nilimtukana kwa uaminifu kila asubuhi. Kila jioni nilimshukuru Mungu, na Daria, na watu wale ambao sijui majina yao waliokaa mahali fulani wakaamua kwamba mtoto wa Songea aliyefiwa apate mtu wa kumwekea mkono mgongoni.

Kisha asubuhi moja gari la Makuzi lilisimama mbele ya ua wetu. Nilikuwa mlangoni nafunga kamba za kiatu. Osmunda alikuwa nyuma yangu, kwenye kiti, miguu inaning'inia.

"Shikamoo, Mzee Luambano," lilisema gari.

Nilifungua mdomo nijibu. Nyuma yangu, kwa sauti ya mtu mzima anayejua nyumba ni ya nani, mtu akanitangulia.

"Marahaba."